Elazar au Resh Lakish: nani amlee kijana wa Kiyahudi anayekwenda chuo kikuu?

Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya marabi, katika kitabu cha Bava Metzia, inasimulia habari za marabi wawili wa Tiberia, karne ya 3. Rabi Yohanan alikuwa mwanachuoni mkubwa wa zama zake. Resh Lakish alikuwa jambazi, mpaka Yohanan alipomvuta kwenye masomo na kumwoza dada yake. Wakasoma pamoja miaka na miaka. Resh Lakish alipofariki, huzuni ilimlemea Yohanan. Wenzake wakampelekea mwanafunzi hodari, Elazar ben Pedat, akae mahali pa marehemu. Kila Yohanan akisema neno, Elazar humwambia: yako mapokeo yanayokuunga mkono. Mzee akachoka. Maneno yake, kwa maana, ni haya: wewe ndiwe wa kushika nafasi ya mwana wa Lakish, yaani Resh Lakish? Yeye nikisema jambo hunitupia pingamizi 24, nami humpa majibu 24, elimu ikapanuka. Wewe kazi yako kuniambia nimesema kweli. Kwani mimi sijui kuwa nimesema kweli?

Kisa hiki hunijia kila ninapofuatilia mjadala wa Wayahudi wa Marekani juu ya watoto wao wa miaka 16 na 17, wale ambao mwakani watakuwa bweni la chuo kikuu, mbali na mama, mbali na rabi wa mtaa. Waandaliwe vipi? Wapewe Elazar wa kuwathibitishia, au Resh Lakish wa kuwapinga? Ziko taasisi zinazomwaga fedha kujibu swali hilo, na majibu yao hayafanani.

Tuanze na pengo lenyewe. Katika familia nyingi zisizo za Kiorthodoksi, yaani zisizo za Wayahudi washikao sheria ya dini kwa ukamilifu, mtoto husoma Kiebrania kidogo na Torati kidogo, jioni baada ya shule au Jumapili, mpaka afike miaka 13. Siku yake ikifika husimama sinagogi, husoma fungu lake kwenye gombo, jamaa wanamrushia peremende, kisha karamu na bahasha. Baada ya hapo wengi hawarudi darasani. Mtu wa Pwani ataielewa picha hii bila kuelezwa sana: mtoto kakhitimu Kurani, kasomewa maulidi, nguo mpya kavaa, na msahafu ukapanda juu ya kabati. Elimu ya dini inaganda penye akili ya miaka 13, ilhali hisabati na fizikia zinaendelea kupanda ngazi. Akifika mwaka wa mwisho wa sekondari anaweza kumchambua Shakespeare kurasa kumi, lakini ukimwuliza kwa nini Ibrahimu alikubali kumfunga mwanawe juu ya kuni, hana ila jibu alilopewa utotoni.

Na chuo kikuu kwao si bahati nasibu. Uchunguzi wa taasisi ya Pew wa mwaka 2020 ulikuta karibu asilimia 58 ya Wayahudi watu wazima Marekani wana shahada, mara mbili ya wastani wa nchi. Uchunguzi uleule ukasema kwamba miongoni mwa waliooa au kuolewa tangu 2010, asilimia 61 wenzi wao si Wayahudi. Ukizitazama namba hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini viongozi wa jumuiya wanamwona kijana wa miaka 17 kama abiria aliye kwenye stendi ya mwisho.

Mradi unaotajwa sana ni Bronfman Fellowship. Ulianzishwa mwaka 1987 na Edgar M. Bronfman, tajiri wa kampuni ya vileo ya Seagram aliyekuwa pia rais wa World Jewish Congress. Kila mwaka huchaguliwa vijana 26 wa Amerika Kaskazini wanaoingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Hawalipi kitu. Kiangazi wanaishi pamoja wiki kadhaa, kwa miaka mingi huko Israeli, kisha hukutana tena kwa semina katika mwaka unaofuata. Kiini cha mradi ni mchanganyiko. Mworthodoksi asiyewasha taa siku ya Sabato anawekwa chumba kimoja na mwenzake asiyeamini hata kama Mungu yupo, na wote wawili wanaambiwa: huyu ni ndugu yako, someni naye.

Asubuhi ni ya kudurusi. Neno hili nalitumia makusudi: jina la Kiebrania la chumba cha masomo, beit midrash, na madrasa, darasa na darsa zetu ni maneno ya ukoo mmoja wa Kisemiti. Usitarajie kimya cha maktaba. Wanakaa wawili wawili, mtindo unaoitwa havruta, wanasoma kwa sauti, mikono inakwenda. Ukurasa wenyewe umepangwa kama baraza: Talmudi katikati, upande mmoja ufafanuzi wa Rashi, mwanachuoni wa Troyes huko Ufaransa aliyefariki 1105, na upande wa pili wajukuu zake na wanafunzi wao wakimsahihisha babu. Mpangilio huo haujabadilika sana tangu chapa ya Venice ya miaka ya 1520.

Chukua fungu ambalo wanafunzi wengi huanzia, mwanzo kabisa wa Bava Metzia. Watu wawili wameshika nguo moja. Huyu anasema niliiokota mimi, yote yangu. Yule naye hivyo hivyo. Hukumu: kila mmoja aape kwamba haki yake humo si chini ya nusu, kisha wagawane. Hapo hakuna ubishi. Halafu: huyu anasema yote yangu, yule anasema nusu yangu. Hukumu: wa kwanza apewe robo tatu, wa pili robo. Hapa ndipo jozi huwaka moto. Mmoja atasema hii ni dhulma, aliyedai kidogo kapunjwa na mwenye tamaa kaongezewa. Mwenzake atasema sivyo, nusu moja haina ugomvi, yule mwenyewe keshaikubali kuwa ya mwenziwe. Kinachogombewa ni nusu iliyobaki, na hiyo ndiyo inayokatwa kati. Basi sheria inafundisha watu wadai yote! La, ndiyo maana pakawekwa kiapo. Mwalimu akipita hatoi mshindi. Anauliza tu: na ikiwa mmoja kashika upindo, mwingine kaikumbatia nguo nzima? Anakwenda zake.

Kwa maoni yangu thamani yote ya programu hizi imo katika dakika hizo. Ziara, picha za machweo na mikutano na watu mashuhuri ni vitu vizuri, lakini vinapatikana kwa tiketi. Mtu wa rika lako aliyesoma mstari uleule, akauelewa kinyume chako, na ambaye kesho asubuhi utakaa naye tena, huyo hauzwi. Na ulezi unaofuata baadaye, yaani mwalimu anayemjua kijana kwa jina, anayemsomea insha yake ya maombi ya chuo na kumwandikia katikati ya baridi ya mwaka wa kwanza, una uzito kwa sababu mwalimu huyo alimwona akibishana. Mshauri aliyekutana na faili lako tu atakuambia chuo gani kitakufaa, na hapo kazi yake imekwisha.

Upande wa pili una hoja, tena si nyepesi. Tikvah ni mfuko ulioanzishwa kwa mali ya mwekezaji Zalman Bernstein, aliyefariki 1999. Nao una programu za wanafunzi wa sekondari, na msimamo wake unatangazwa bila kificho: Uzayuni katika siasa, soko huria katika uchumi, mila katika utamaduni. Asidhani mtu kwamba huko ni kukaririshana kaulimbiu. Wanasoma vitabu vigumu, Biblia pamoja na falsafa ya siasa, na walimu wao ni wasomi. Ila imani yao ni kwamba kijana hawezi kupinga asichokijua, na kwamba kumwachia mtoto aliyeishia elimu ya miaka 13 "ajichagulie mwenyewe" ni kumwacha achaguliwe na upepo wa chuoni. Resh Lakish alitupa pingamizi 24 kwa sababu alikuwa na ghala limejaa. Mwenye ghala tupu atabisha nini? Tena wanaongeza, na hapa wananipata, kwamba hata huo mchanganyiko wa Bronfman ni msimamo: ukimweka Mworthodoksi na asiyeamini meza moja kama sawa kwa sawa, umeshaamua jambo ambalo Mworthodoksi hakubaliani nalo.

Basi nusu ya hoja yao naikubali. Ujuzi kwanza, ndiyo. Nusu ya pili inanikwama kooni, kwa sababu ghala linalojazwa kwa mlango mmoja hujaa aina moja ya nafaka. Kijana aliyefundishwa Uzayuni na walimu wazuri wanaoukubali atakutana na mwenye kuupinga kwa mara ya kwanza akiwa kampasi, peke yake, usiku, mwenzake akiwa na kipaza sauti. Angekutana naye mwaka mmoja nyuma, mezani, mbele ya mtu mzima anayewapenda wote wawili, ingekuwa habari nyingine.

Lakini siwezi kuandika hivi kama kwamba hofu ya wazazi ni ya kubuni. Ina historia ndefu. Mwaka 1922 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alitaka kiwekwe kikomo kwa Wayahudi, waliokuwa wamefika takriban mmoja katika kila wanafunzi watano wa mwaka wa kwanza. Kikomo cha wazi kilikataliwa. Kikaja cha chinichini: fomu za udahili zikaanza kuuliza asili ya mwombaji, na kama yeye au baba yake aliwahi kubadili jina, "tabia" ikawa na uzito kuliko alama, idadi ikashuka. Chuo Kikuu cha Brandeis, kilichofunguliwa 1948 karibu na Boston kwa michango ya Wayahudi na kwa milango iliyo wazi kwa kila mtu, kilizaliwa katika machungu hayo. Brandeis hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha mwaka 1997 programu ya kiangazi ya Genesis kwa vijana wa sekondari.

Kisha ikaja Oktoba 7, 2023. Hamas wakaua watu wapatao 1,200 kusini mwa Israeli na kuteka wengine kama 250. Vita vya Gaza vikafuata na kuua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Na kampasi za Marekani zikalipuka kwa maandamano. Desemba 5 marais wa Harvard, Pennsylvania na MIT waliulizwa bungeni kama kuhimiza mauaji ya kimbari ya Wayahudi ni kuvunja kanuni za vyuo vyao, wakajibu kwa lugha ya mawakili kwamba inategemea mazingira. Wawili kati yao wakaachia ngazi ndani ya mwezi mmoja. Mzazi aliyekuwa akimjazia mwanawe fomu wakati huo, utamlaumu akitafuta ngao?

Tazama pia siku mbili za Aprili 2024 pale Columbia, New York. Jumapili tarehe 21, rabi mmoja anayewahudumia wanafunzi aliwatumia ujumbe akiwashauri warudi makwao, kwamba chuo hakiwezi kuwahakikishia usalama. Jumatatu jioni Pasaka ya Kiyahudi ikaingia, na ndani ya kambi ya hema za waandamanaji wanafunzi wengine wa Kiyahudi wakakaa kwenye nyasi wakala mlo wa Seder, wakisimulia habari ya kutoka Misri kama wanavyosimulia mabibi zao. Kitabu kimoja cha sala, usiku mmoja, wanafunzi wa chuo kimoja. Huyu kafunga begi akapanda treni, yule kakaa hemani. Kila upande ulimwona mwenziwe kasaliti.

Programu ya ngao itampa kijana majibu ya kumpa mwandamanaji. Itampa nini cha kumwambia yule Myahudi mwenziwe wa hemani? Na yule wa hemani, nani alimpa nafasi ya kusema la moyoni akiwa na miaka 16, kabla hajahamia mahali ambapo kukataa ndiyo tiketi ya kuingilia? Ninavyoona, ugomvi mkubwa wa kizazi hiki umo ndani ya nyumba yao, na huko ngao haisaidii kitu.

Hata hivyo wapenzi wa mabishano, nami nimo, tuna kisa chetu cha kujibu. Nilikiruka makusudi. Resh Lakish alikufaje? Siku moja darsani walibishana juu ya visu na panga: chombo kinahesabika kimekamilika lini, kikitoka tanuruni au kikitiwa maji? Resh Lakish akatoa rai tofauti. Yohanan akamwambia: jambazi huzijua zana za ujambazi. Yaani mbele za watu alimrudisha porini alikomtoa. Resh Lakish akaugua kwa uchungu, akafa. Pingamizi 24 kwa miaka yote hiyo hazikumdhuru. Tusi moja lilimuua.

Angela Buchdahl alizaliwa Seoul mwaka 1972, mama Mkorea wa dini ya Buddha, baba Myahudi wa Marekani, akakulia sinagogini Tacoma. Akiwa na miaka 16 alikwenda Israeli na kundi la Bronfman, na huko, kwa mara ya kwanza, wenzake wa upande wa mila walimhoji Uyahudi wake, kwa kuwa sheria ya zamani hufuata mama. Ameeleza hadharani kwamba baada ya kiangazi cha machungu huko Israeli alimpigia mama yake simu kumwambia hataki tena kuwa Myahudi, na mama akamjibu kwa swali: hilo linawezekana? Leo ni rabi mkuu wa Central Synagogue, moja ya sinagogi kubwa za New York, tangu 2014.

Waendeshaji wa programu wanaweza kujivunia kisa hiki: tazameni, moto umemfua chuma. Mimi kinanitia wasiwasi. Aliyeokoa siku ile ni mama Mbudha aliye upande wa pili wa dunia. Je, wale wasiokuwa na mama wa namna hiyo, walionyamaza, wakarudi nyumbani na kufunga ukurasa? Hao hawaalikwi kuhutubia mahafali. Mlezi wa vijana mezani anapaswa kujua, kwa sekunde, lini pingamizi limegeuka kuwa "jambazi huzijua zana zake". Ni ujuzi wa mtu, haumo kwenye mtaala, na ndio unaofanya programu hizi ziwe ghali.

Ughali huo unaleta swali la nani anachaguliwa. Vijana 26. Ili uchaguliwe inabidi uandike vizuri, uzungumze vizuri, uwe umeshasoma. Mwenye nacho anaongezewa. Watetezi husema viongozi wachache wakilelewa vyema watawalea wengi, na kweli miongoni mwa waliopita humo wako marabi, waandishi na waanzilishi wa taasisi. Lakini pengo nililolieleza la miaka 13 hadi 17 halikuwa la watoto hodari. Hodari angejisomea hata bila wewe.

Hapa ndipo ninapotazama upande wetu. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, jemadari aliyesoma Biblia mwenyewe akafikia uamuzi mwenyewe. Huyo naye alikuwa bingwa wa kupinga. Waliponea chupuchupu enzi za Idi Amin aliyepiga marufuku dini yao. Gershom Sizomu alipelekwa kusomea urabi Los Angeles, akahitimu 2008, akarudi Nabugoye kufundisha vijana wake, akawa hata mbunge kuanzia 2016. Mtu mmoja aliyelelewa vyema, na jumuiya nzima ikapata mwalimu: hoja ya watetezi wa wachache inasimama hapo, nakiri. Ila mlango huohuo hufungwa. Desemba 2017 Mkenya mmoja Myahudi, mwenye viza, alifika uwanja wa ndege wa Ben Gurion akienda kusoma Yerusalemu, akazuiliwa na kurudishwa. Alikuwa na ghala na alikuwa na hamu. Alikosa wa kumfungulia.

Vitabu vyenyewe siku hizi havina mlango. Tangu 2017 maktaba ya mtandaoni ya Sefaria imeweka Talmudi na tafsiri yake ya Kiingereza bure, na kijana wa Nabugoye mwenye simu na bando anaweza kufungua ile nguo ya watu wawili sawasawa na wa Manhattan. Anachokosa ni wa kukaa mbele yake. Ningekuwa mfadhili ningepunguza tiketi za ndege na kununua saa za walimu: jozi moja, saa moja kwa juma, miaka miwili, kijana mmoja wa Ohio na mmoja wa Mbale wakigombea robo tatu.

Mfadhili, hata hivyo, hutaka matokeo anayoweza kuyahesabu kabla ya mkutano wa bodi. Kijana anayesema ndiyo anahesabika, anapigwa picha, anaandika barua ya shukrani. Yule wa pingamizi 24 huenda akampinga mfadhili mwenyewe. Kiti cha Rabi Yohanan pale Tiberia, kwa mujibu wa mapokeo, kilirithiwa na Elazar ben Pedat.